Kumbatio la ngozi kwa ngozi kwa mtoto njiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo kina mama, kina baba na bibi huyauliza tena na tena wodini, na zaidi baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali lenye maelezo kamili. Muuguzi au daktari anayemjua mtoto wako ndiye mwenye neno la mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Huduma ya kangaruu ni nini hasa?

Ni kumweka mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na uzito mdogo, wima juu ya kifua kitupu cha mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunga hapo kwa kitambaa kwa saa nyingi, mchana na usiku. Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana. Sehemu ya pili ni maziwa ya mama, bila kuchanganya na kitu kingine kadiri inavyowezekana. Ya tatu ni kuruhusiwa mapema mtoto akiwa tayari, kisha kufuatiliwa kwa karibu kliniki.

Ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, walikuwa na wodi iliyofurika: watoto zaidi ya mmoja ndani ya mashine moja ya joto, maambukizi yakihama kutoka huyu kwenda yule, na kina mama wamewekwa mbali. Wakawarudishia kina mama watoto wao wawabebe kifuani, kama kangaruu anavyolea mwanawe mfukoni.

2. Kwa hiyo ni njia ya hospitali zisizo na mashine?

Hapana, na dhana hii imewagharimu watoto wengi. Kweli ilizaliwa katika uhaba, lakini leo inatumika pia Uswidi, kwenye wodi zenye kila aina ya mashine.

Ushahidi mkubwa ulitoka mwaka 2021, katika utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Walihusishwa watoto 3,211 waliozaliwa na gramu 1,000 hadi 1,799. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Jingine lilikaa kwanza kwenye mashine hadi hali itulie, kama ilivyokuwa desturi. Ndani ya siku 28, waliofariki katika kundi la mashine kwanza walikuwa asilimia 15.7, na katika kundi la kifua kwanza asilimia 12.0. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda uliopangwa, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Novemba 2022 WHO ikabadilisha mwongozo wake.

Usisahau jambo moja: watoto wa makundi yote mawili walipata dawa, oksijeni na uangalizi wa wauguzi. Kifua ni tiba, lakini hakimwondoi mtoto hospitalini.

3. Nitajuaje kama mtoto wangu anaihitaji?

Mtoto njiti ni aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Uzito mdogo ni chini ya gramu 2,500, hata kama miezi ilitimia. Makundi yote mawili yanahusika, na walio chini ya gramu 2,000 ndio walio hatarini zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi na uzito naye anapaswa kuwekwa kifuani kwa mama walau saa nzima ya kwanza baada ya kuzaliwa, ila hahitaji kufungwa kitambaa siku nzima.

4. Kifua kinampashaje joto mtoto ambaye hata blanketi tatu hazimtoshi?

Blanketi halina joto lake. Linahifadhi lililopo, na mtoto njiti hana joto la kutosha la kuhifadhi. Ngozi yake ni nyembamba, eneo la mwili wake ni kubwa ukilinganisha na uzito, hawezi kutetemeka, na yale mafuta maalumu yanayounguzwa ili kuzalisha joto hujazwa mwilini katika wiki za mwisho za ujauzito, wiki ambazo yeye hakuzipata.

Kifua cha mama kina joto la kudumu na kinajirekebisha: mtoto akipoa, ngozi ya matiti ya mama hupanda joto. Lengo ni mtoto abaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akipoa, anatumia sukari na oksijeni yake kidogo kujipasha badala ya kukua, na mtoto anayepoa kila siku haongezeki uzito hata akinyweshwa vizuri.

5. Nikimpakata nikiwa nimevaa blauzi, si ni kumbatio lile lile?

Kwa moyo, linasaidia. Kwa joto, hapana. Nguo iliyo kati yenu inazuia joto kupita, na mtoto aliyefungwa khanga tatu kisha akapakatwa anaweza kuwa baridi huku mama akidhani yuko salama. Ngozi iguse ngozi kuanzia shavu lake hadi tumbo lake.

6. Zaidi ya joto, anapata nini?

Pumzi na mapigo ya moyo hutulia. Usingizi unakuwa mzito zaidi, na usingizi ndio unaojenga ubongo. Anapata vijidudu vya kawaida vya ngozi ya mama yake, ambavyo maziwa ya mama yana kinga dhidi yake, badala ya vile sugu vya wodini. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa, ukilinganisha na matunzo ya kawaida, maambukizi makali ya hospitali yalipungua kwa takriban asilimia 65 na hali ya kupoa kwa asilimia 72.

Anapunguziwa maumivu pia. Mtoto anayetobolewa kisigino kutolewa damu akiwa kifuani hulia kwa muda mfupi kuliko aliyelazwa peke yake mezani. Omba vipimo vichukuliwe akiwa kifuani. Ni ombi la kawaida na halimpi muuguzi kazi ya ziada.

Nchini Kolombia, baadhi ya watoto waliofuatiliwa hadi umri wa miaka 20 walionyesha tofauti hata ukubwani: waliolelewa kifuani hawakukosa shule sana, na hawakuwa na uchokozi na utukutu mwingi kama wale waliolelewa kwa njia ya kawaida.

7. Na mimi mama, nafaidika vipi?

Maziwa kwanza. Mgusano wa ngozi huamsha homoni ya oksitosini, ile ile inayosukuma maziwa yatoke na kusaidia mji wa mimba kurudi. Mama aliyekaa mbali na mtoto wake kwa wiki moja mara nyingi hulalamika maziwa yamekauka. Anayembeba kifuani na kukamua kila baada ya saa chache huwa nayo.

Kisha utulivu. Kumzaa njiti kunaacha hofu, hatia na hisia ya kunyang'anywa mtoto. Kumbatio hili linamrudishia mama kazi ambayo hakuna muuguzi anayeweza kuifanya badala yake.

8. Namwogopa. Ni mdogo mno, na sihisi yale mapenzi ninayosikia wenzangu wakiyasimulia. Nina kasoro?

Huna. Mama wa njiti hakupewa muda wa kujiandaa, na mara nyingi alimwona mtoto wake kwa mara ya kwanza akiwa na mipira puani. Upendo kwa wengi huja baada ya saa za kifuani, si kabla yake. Usisubiri uhisi ndipo ubebe.

Anza na muuguzi akiwa pembeni, mara ya kwanza yeye ndiye amweke. Ila huzuni ikizidi wiki mbili, ukakosa usingizi hata mtoto akiwa kwa mwingine, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yakakujia, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa wa baada ya kujifungua, una tiba, na wala si laana.

## Kuanza

9. Ianze lini?

Mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, bila kusubiri siku tatu nne "atulie". Wanaosubirishwa ni wale walio mahututi: asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, anayepumuliwa na mashine, au aliye katika mshtuko wa damu kutozunguka. Wengine wote waende kifuani. Ikiwa mama bado yuko chumba cha upasuaji, tazama swali la 21.

10. Kwa saa ngapi kwa siku?

Saa 8 kwa siku ndiyo chini kabisa, 24 ndiyo juu, na mwelekeo uwe kupanda. Katika utafiti uliotajwa kwenye swali la 2, watoto wa kundi la kifua walibebwa karibu saa 17 kwa siku. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopungukiwa: wanambeba kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja tu jioni, halafu wanashangaa uzito haupandi. Saa ndizo kipimo cha dawa hii.

Kila mkao mmoja usipungue saa moja. Kumtoa na kumrudisha mara kwa mara kunamchosha na kumpoza kuliko kumwacha alale. Nyumbani, andika kwenye daftari saa aliyoingia na aliyotoka. Jumla ya siku huwa ndogo kuliko unavyodhani.

11. Niandae vitu gani?

Vichache. Kofia ya mtoto inayofunika masikio, soksi, nepi moja ndogo, na kitambaa cha kufungia. Khanga moja, ambayo kwa kawaida ina upana wa sentimita 110 na urefu wa 150 hivi, inamtosha mama wa mwili mdogo; mwenye mwili mkubwa atumie kitenge cha yadi mbili au zaidi. Pamba ni bora kuliko nailoni kwa sababu inapitisha hewa na haitelezi. Juu yake vaa shati au blauzi inayofunguka mbele. Uwe na vitambaa viwili, kimoja kikifuliwa kingine kitumike.

Usijipake manukato wala udi kifuani, na usimpake mtoto poda. Unga wake unaingia mapafuni.

12. Namfunga vipi, hatua kwa hatua?

1. Nawa mikono hadi viwikoni. Vua blauzi na sidiria. Chumba kiwe na joto, bila upepo wa feni wala dirisha lililo wazi.
2. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Akiwa na unyevu, mkaushe kwanza.
3. Shika shingo na mgongo wake kwa mkono mmoja, kidole gumba na cha shahada vikiegemeza taya la chini kwa upole ili kichwa kisidondoke. Mkono wa pili uwe chini ya makalio.
4. Mweke wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako.
5. Geuza kichwa upande mmoja na ukiinue kidogo sana, kama mtu anayenusa. Hiyo ndiyo inayoacha njia ya hewa wazi.
6. Nyonga zikunjwe na magoti yafunguke pembeni kama ya chura. Mikono ikunjwe juu, karibu na uso wake.
7. Zungusha kitambaa. Ukingo wa juu uishie chini kidogo ya sikio lake, ukingo wa chini upite chini ya makalio. Kaza sehemu iliyo juu ya kifua chake. Usikaze tumbo, maana watoto hawa hupumua kwa tumbo.
8. Funga fundo pembeni au mgongoni kwako, kisha simama. Asipoteleza ukiwa umesimama, umefunga vizuri.

Angalia mambo matatu kabla ya kuondoka hapo: unauona uso wake, midomo ina rangi nzuri, na tumbo lake linapanda na kushuka bila kizuizi. Upande wa kichwa ubadilishwe kila baada ya kulishwa.

13. Ni makosa gani yanayoonekana zaidi?

Kidevu kugusa kifua. Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa koo la njiti hujikunja na hewa ikakatika bila kelele yoyote. Husababishwa na kitambaa kilicholegea, mtoto akateleza taratibu hadi akajikunja. Kosa linalofanana nalo ni kuinua kichwa mno hadi shingo ikapinda nyuma. Hapo pia hewa inabanwa.

Mengine: kumfunika uso kwa kuogopa baridi au macho ya watu, kumwacha na nguo za ndani "asiugue", nepi kubwa inayokaa na kulowesha tumbo, na kumweka juu ya titi moja badala ya katikati, akawa anateleza upande.

## Mchana na usiku

14. Nalalaje naye?

Chali, ukiwa umeinuka. Weka mito miwili au mitatu nyuma ya mgongo, au inua kichwa cha kitanda, mwili uwe na mwinamo wa nyuzi 15 hadi 30. Mtoto akiwa kichwa juu, pumzi hazisimami ovyo na maziwa hayarudi. Kitambaa kibaki kimefungwa. Usilale naye hivyo kwenye sofa, ambako anaweza kutumbukia kati ya mwili wako na mto. Ukiwa umekunywa pombe au dawa ya usingizi, mpe mwingine ambebe.

15. Naweza kutembea na kufanya kazi akiwa kifuani?

Tembea, kaa, kula, piga stori, kamua maziwa, soma. Ni vizuri usilale kutwa nzima. Kazi za kuinama, kubeba ndoo ya maji, kutwanga, na kila kinachohusu moto au mafuta ya moto viachwe. Ukienda haja kubwa au ukiwa na kizunguzungu, mpokeze mtu.

16. Kuoga je?

Mama aoge kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Kifua safi kinatosha, hakihitaji dawa ya kuua vijidudu. Mtoto asiogeshwe kila siku akiwa bado mdogo hivi. Mfute shingo, kwapa na sehemu za nepi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mkaushe hapo hapo, mrudishe kifuani. Mtoto njiti akiogeshwa beseni zima asubuhi ya baridi hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kumrudishia.

17. Baba anaweza? Bibi? Dada yangu?

Wote wanaweza, na bila wao saa za swali la 10 hazifikiki. Mwanamume ana kifua chenye joto la kutosha; nywele za kifuani si kizuizi. Anayepokea awe hana homa, kikohozi wala vidonda vya ngozi, awe ameoga, na asiwe na harufu ya sigara. Bibi akiwa anahofia "kumbemenda" au macho ya watu, aonyeshwe kipimajoto kabla na baada ya saa moja kifuani kwake. Hilo humshawishi kuliko mawaidha.

Kwa maoni yetu baba aanze siku ya kwanza kabisa, si kama msaidizi wa dharura. Baba aliyebeba siku ya kwanza ndiye atakayeamka saa nane za usiku siku ya ishirini.

## Maziwa na uzito

18. Ananyonyaje na bado hana nguvu?

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu wiki ya 32 hadi 34 ya mimba. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaoingia tumboni kupitia puani au mdomoni. Baadaye hulishwa kwa kikombe kidogo: ukingo uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe, usimmiminie. Chupa haifai, inasafishika kwa shida na inamfundisha kunyonya tofauti.

Hata kabla hajaweza, mwache alambe na kunusa chuchu. Kamua kwa mkono kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku ukiwemo. Ukikosa kukamua usiku, maziwa hupungua ndani ya siku chache. Yaliyokamuliwa yasikae chumbani zaidi ya saa 4. Kwenye joto la pwani, mpe mapema zaidi.

19. Kiasi gani kwa mlo mmoja?

Wahudumu ndio wanaokokotoa kwa uzito. Kwa kawaida huanza na mililita 60 kwa kila kilo kwa siku ya kwanza, kisha hupandishwa hatua kwa hatua. Mtoto wa kilo 1.5 kwa kiwango hicho anapata mililita 90 kwa siku nzima. Akilishwa kila saa 3, yaani mara nane, ni mililita 11 hivi kwa mlo. Ndiyo, ni vijiko viwili vya chai na kidogo juu yake. Dang'a la njano la siku za kwanza lisimwagwe hata tone.

Maji, maji ya sukari, uji mwepesi na dawa za mchango havimo kabisa.

20. Uzito unashuka. Nifanye nini?

Siku za kwanza kushuka ni kawaida, hadi kama asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na wengi huurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo tarajia walau gramu 15 kwa kila kilo kwa siku: mtoto wa kilo 1.6 aongezeke gramu 24 hivi. Asipofikia, kagua kwa mpangilio huu: anabebwa saa ngapi, ana joto gani, analishwa mara ngapi usiku, anapata yale maziwa mazito ya mwisho ya titi? Kisha mweleze daktari, kwa sababu maambukizi nayo huanza kwa uzito kusimama.

## Hali za pekee

21. Nimejifungua kwa upasuaji.

Baba au ndugu aanze mara moja wakati wewe unashughulikiwa. Ukiwa macho na unaweza kukaa kwa kuegemea, mtoto aje kwako. Anakaa juu ya kifua, mbali na kidonda, mshono haumzuii. Siku mbili za kwanza mtu awe karibu, maana dawa za maumivu huleta usingizi mzito.

22. Nina pacha.

Wote wawili wanaweza kukaa pamoja, kila mmoja upande wake, vichwa vikitazamana, ndani ya kitambaa kimoja kipana. Wakiwa wakubwa kidogo inakuwa nzito: mmoja kwa mama, mwingine kwa baba, wabadilishane kila mlo. Angalia yule mdogo zaidi kwanza. Huyo ndiye anayebanwa na mwenzake.

23. Ana mpira, dripu, oksijeni, au yuko chini ya mwanga wa kutibu manjano.

Mpira, dripu na oksijeni ya puani vinakwenda naye kifuani. Muuguzi hubandika mirija kwenye nguo yako isivutike. Hata mashine inayosukuma hewa puani bila kuingiza bomba kooni inaruhusu. Kwa tiba ya mwanga, hutolewa kwa vipindi vya kulishwa na kubebwa, muda ukipangwa na daktari kulingana na kipimo cha damu.

24. Nina VVU, au nina kifua kikuu.

VVU havizuii kumbeba kifuani. Endelea na dawa zako, mtoto apewe za kwake za kinga, na mnyonyeshe kwa maelekezo ya kliniki yako. Kifua kikuu cha mapafu ambacho bado hakijatibiwa ni jambo la kuamuliwa na daktari kabla hujaanza, kwa sababu mtoto atahitaji dawa za kinga. Upele na tetekuwanga vitibiwe kwanza. Ndugu mzima ashike zamu.

## Mambo yakienda kombo

25. Nimemgusa miguu ni ya baridi.

Gusa na tumbo. Miguu baridi na tumbo lenye joto: ameanza kupoa. Vyote viwili baridi: amepoa tayari. Badilisha nepi iliyolowa, mvishe kofia kavu, kaza kitambaa, jifunikeni nyote wawili kwa blanketi, umlishe, kisha pima tena baada ya saa moja. Ikiwa bado ni chini ya nyuzi 36.5, au hataki kula, nenda hospitali akiwa kifuani. Usimfungue njiani.

26. Ameacha kupumua ghafla.

Njiti hupumzisha pumzi kwa sekunde chache, hilo ni la kawaida. Kusimama zaidi ya sekunde 20, au kugeuka bluu, si kawaida. Nyoosha shingo yake kama kwenye hatua ya 5 ya swali la 12, msugue mgongo na nyayo, huku ukiita msaada. Asipoanza, anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Akianza mwenyewe na mko nyumbani, bado mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anaonekana mzima.

27. Dalili gani zinataka hospitali bila kusubiri asubuhi?

Kukataa kunyonya au kutoamka kwa mlo. Kifua kubonyea ndani, kukoroma au kupumua mbio. Degedege. Homa, au baridi isiyorudi. Kutapika kila mlo, tumbo kuvimba, kuharisha. Manjano iliyofika viganjani na nyayoni. Mtoto aliyelegea kuliko jana. Watoto hawa huzidiwa kimya kimya, kwa hiyo kulegea peke yake kunatosha.

## Nyumbani

28. Tuwashe jiko la mkaa chumbani apate joto?

Msifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua mama na mtoto pamoja. Chupa za maji ya moto nazo huunguza ngozi ya njiti kabla hajalia. Kifua kinafanya kazi hiyo bila moshi wala moto. Chumba kikiwa na nyuzi 22 hadi 24 na hakina upepo, kinatosha.

29. Nimbebe mgongoni kama wenzake?

Bado. Mgongoni huuoni uso wake, na shingo haijakaza kuzuia kidevu kisianguke. Subiri hadi ashikilie kichwa mwenyewe vizuri, na kwa njiti umri huo huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

30. Wageni wanataka kumwona na kumbeba.

Arobaini inakusaidia hapa: mama anakaa ndani, anakandwa, anapikiwa. Wakati wa kukandwa, mtoto awe kifuani kwa bibi au baba. Wageni wasalimie, wapike, wafue, wachote maji. Mtoto asipite mikono kwa mikono. Mwenye mafua arudi akipona.

31. Niache lini?

Mtoto ndiye anayesema. Akikaribia gramu 2,500, au tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, huanza kuhangaika: anatoa mikono nje ya kitambaa, anasukuma kwa miguu, anatokwa jasho, analia hadi atolewe. Mpunguzie taratibu, kwanza mchana, akiwa amevaa nguo kavu, na upime joto lake mara mbili kwa siku kwa siku chache. Mrudishe baada ya kuoga, usiku wa baridi, au anapougua. Akilala nje ya kifua, alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto.

Kliniki ya uzito iendelee: kila wiki hadi afikishe gramu 2,500, kisha kwa ratiba utakayopewa.